Uhuru Park Ibaki ya Bure

Wacha niseme: mahali pa maana zaidi tao si mall wala ile mikahawa ya kupigia selfi. Ni nyasi za Uhuru Park.

Juzi nilienda na familia. Mara ya mwisho tukiwa huko wote, kakangu mdogo alikuwa anabebwa mgongoni. Halafu 2021 bustani ikafungwa kwa ukarabati, tukazoea kuishi bila. Sasa kijana ako gredi ya nne na hakuwa anaijua kabisa. Mathe alitandika leso, akatoa chapo na thamosi ya chai, tukakaa masaa manne. Watu watano, gharama ni nauli tu.

Jaribu hiyo hesabu kwingine. Mkahawani hata kiti ni mpaka uagize kitu. Karura unalipa langoni. Arboretum pia. Kwa mtu mmoja ni pesa kidogo, sawa. Zidisha mara tano, weka nauli, weka soda ya mtoto, uone kama mzazi hataamua Jumapili ni ya kukaa kwa nyumba. Halafu sisi vijana tunaambiwa hatutoki nje, tuko kwa simu tu. Tutoke twende wapi?

Kuna wale husema, "Watoze kidogo ndio pakae safi." Naelewa wanatoka wapi. Zamani mathe alikuwa anatushika mkono na mkoba anaushika mara mbili. Lakini dawa ya wezi ni taa na askari. Dawa ya takataka ni mapipa na wafagiaji. Hizo zote ni kazi ya kodi, na kodi tayari tunalipa. Kiingilio hakimzuii mwizi. Kinamzuia mama wa watoto wanne.

Na hiyo nyasi haikubaki hapo kwa bahati. 1989 serikali ya KANU ilitaka kujenga jumba la orofa 60 ndani ya bustani. Wangari Maathai akaandika barua, akapiga kelele, wabunge wakamkejeli, lakini mradi ukaanguka. 1992 akawa tena hapo Freedom Corner na kina mama waliogoma kula wakidai wana wao, wafungwa wa kisiasa, waachiliwe. Polisi waliwapiga. Tarehe 27 Agosti 2010, katiba mpya ikazinduliwa hapo hapo mbele ya umati.

Mahali kama hapo hapawi pa mwenye pesa. Kama mtu anaweza kukufungia lango kwa sababu huna mia, anaweza kukufungia pia siku unayo la kusema.

Kwa hivyo nendeni. Bebeni chapo, bebeni wazazi, na takataka zenu mrudi nazo. Bustani ikijaa watu kila wikendi, atakayeleta habari ya tiketi atatupata tumeshakaa.