Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Je, Kesho Yake?

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii huchukua maana ya wazi kabisa pale waumini wa makanisa ya Marekani na Ulaya wanapofika vijijini kwetu katika safari za kimisheni. Katika ratiba yao huwamo siku ya huduma. Meza hupangwa katika darasa au uwanja wa kanisa, foleni huanza alfajiri, na jioni wageni huondoka wakiwa wameona wagonjwa wengi kuliko zahanati ionavyo kwa juma zima.

Ukarimu huo haustahili kubezwa. Mtu aliyetumia likizo yake na nauli yake kuja kumhudumia asiyemjua ametenda jambo jema. Hata hivyo, katika tiba nia njema haitoshi. Kwa maoni yangu, siku ya huduma ipimwe kwa swali moja: kesho yake mgonjwa atakuwa mikononi mwa nani?

Zipo kazi zinazomalizika ndani ya siku. Mtoto mwenye minyoo hupewa dozi moja ya albendazoli. Mzee asiyeona maandishi ya karibu hupata miwani ya kusomea. Zipo nyingine zinazofanyika kwa muda mfupi lakini haziishii hapo. Upasuaji wa mtoto wa jicho huchukua chini ya saa moja, lakini jicho hilo sharti liangaliwe kesho yake na tena baada ya majuma kadhaa, maana maambukizi yakiingia linaweza kupofuka.

Tatizo kubwa zaidi ni maradhi ya kudumu. Tuchukue mfano wa mama aliyepimwa shinikizo la damu na kukutwa na 160/100. Amesimama juani kwa saa nyingi, na huenda ana hofu. Kipimo hicho ni onyo, lakini peke yake hakitoshi kuthibitisha ugonjwa. Kwa kawaida hurudiwa siku nyingine, isipokuwa shinikizo likiwa juu mno au kukiwa na dalili za hatari. Akipewa vidonge vya siku 30 bila barua wala maelekezo, siku ya 31 atafanya nini? Kwa kuwa ugonjwa huu mara nyingi hauumi, atadhani amepona. Miaka baadaye kiharusi au figo zilizoharibika zitamwonyesha kwamba hakupona.

Kuhusu dawa za msaada, Shirika la Afya Duniani na wadau wake walitoa miongozo mwaka 1996, ikarekebishwa mwaka 1999 na 2010. Inataka dawa zitolewe kulingana na mahitaji ya wenyeji, ziandikwe kwa lugha inayoeleweka na wataalamu wa nchi inayozipokea, na kwa kawaida zifike zikiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya muda wake kuisha. Dawa isiyopatikana nchini humwacha mgonjwa njiani, hata iwe bora kiasi gani.

Makanisa yenyewe yametupa mfano mwema. Hospitali za Bugando, Mwanza, na KCMC, Moshi, zilizofunguliwa mwaka 1971, zimetokana na juhudi za makanisa, na hadi leo zinatibu na kufundisha wataalamu. Siku ya huduma haiwezi kuwa hospitali, lakini inaweza kuiunga mkono iliyopo.

Basi, mhudumu wa afya, usisubiri meza zipangwe ndipo uitwe kutafsiri. Kaa na wageni mapema, mkiwa na ofisi ya mganga mkuu wa wilaya. Hakikisheni kila mgeni atakayetibu ana usajili wa muda wa baraza la taaluma yake. Kubalianeni ni maradhi gani yatatibiwa na yapi yatapewa rufaa, na orodha ya wagonjwa ibaki zahanati.

Nawe mgonjwa, usiondoke mezani kabla ya kuuliza mambo matatu: ugonjwa wangu unaitwaje, dawa hii ni ipi, na ikiisha niende wapi? Majibu yaandikwe katika daftari lako, kisha ulipeleke zahanati juma hilohilo, hata kama unajisikia mzima.