Mimbari na Kura

Apitaye Tabora adhuhuri ya Ijumaa, kuanzia Itetemia hadi katikati ya mji, akaona kanzu nyeupe zimepangana mpaka nje chini ya miembe, kisha Jumapili akakuta makanisa yamefurika hata watoto wanafuata misa madirishani, atataajabu akiambiwa kwamba dini imepungukiwa na kitu. Waumini hawakupungua, iliyopungua ni nguvu ya kauli ya shehe na padri, ile iliyoweza kumfanya dhalimu arejeshe haki ya mwenziwe kabla jua halijachwa, pasipo askari wala hakimu.

Wala sidai kwamba zamani ilikuwa pepo. Mji huu ulikuwa njia panda ya misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji, na katika waliosali humu kwa unyenyekevu walikuwamo walioshika minyororo ya watumwa kwa mikono iyo hiyo.

Wengi husema kwamba kura ndiyo iliyoiondolea dini taadhima yake, na hapa Tabora pana hadithi ya kulipima neno hilo. Januari 1958, chama cha TANU kilikutana humu kikakubali, baada ya ikhtilafu kali, kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimu mpiga kura kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Mwaka uo huo Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa Baraza la Wazee la TANU, alihoji nafasi ya Waislamu katika uongozi uliokuwa ukija. Akatolewa chamani, na wazee wengi, Waislamu kama yeye, wakamwepuka. Swali lake halikuwa batili, kwa kuwa Waislamu walikuwa wametoa mali na jasho lao kukijenga chama kile. Lakini kiongozi wa dini akidai viti kwa ajili ya watu wake, huwa ameshuka katika soko la kuhesabu vichwa, na katika soko hilo neno lake lina uzito wa kura moja tu.

Mwalimu Nyerere, Mkatoliki aliyesomesha St. Mary's hapa Tabora baada ya kutoka Makerere, aliliona jambo hili kwa upande wa pili. Mwaka 1970, akisema na masista wa Maryknoll huko New York, aliwaonya kwamba Kanisa lisiposhiriki kuiondoa mifumo inayowadhili maskini litapoteza maana kwa watu. Onyo hilo naliona likitimia kila mwanasiasa anapoalikwa kuwa mgeni rasmi wa kuchangisha fedha za paa la msikiti au la kanisa: bahasha hupokewa, dua huombwa, na Ijumaa au Jumapili ifuatayo mhubiri huwa na deni kinywani.

Na mtihani wa haya yote si bungeni. Uko vijijini, katika mikoa ya Tabora, Shinyanga na Mwanza, ambako vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kusingiziwa uchawi, aghalabu kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni walizopikia umri wao wote. Ndugu zetu wenye ualbino walipoanza kuwindwa kwa ajili ya viungo vyao, ni Waziri Mkuu, Mizengo Pinda, aliyefuta leseni za waganga wa jadi Januari 2009. Mimi nimeketi kusikiliza khutba na mahubiri mengi juu ya zaka, mavazi na baraka za mali. Juu ya kikongwe nimesikia machache mno.

Nalimjua mwalimu mmoja wa madrasa ambaye, uvumi wa uchawi ulipomzukia jirani yake mjane, alihamishia mkeka wake mlangoni kwa yule bibi. Kila baada ya magharibi akawasomesha watoto pale, kisha akala naye ugali katika sahani moja, watu wakiona. Hakuwa na cheo wala hakupata kuketi meza kuu. Bibi yule alifariki kwa maradhi, kitandani pake, na waliomchimbia kaburi ni vijana wa kijiji kile kile.