Bukavu: Kabla ya kuleta bomba chini ya nyumba, mwenye nyumba aonyeshe maji yatatokea wapi

Mji wa Bukavu umejengwa kwenye miteremko, na viwanja vimekuwa haba. Ndiyo maana wenye nyumba wengi wa Kadutu, Ibanda na Bagira wanachimba chini. Ukiwa barabarani unaona nyumba ya kawaida; ukishuka upande wa bondeni unakuta vyumba viwili vitatu vilivyochongwa ndani ya udongo. Mwanzoni ni depo ya makala na unga. Kisha anakuja mpangaji, naye anataka maji, bafu na choo.

Kuingiza maji ni kazi nyepesi. Fundi anaunga tiyo kwenye bomba la Regideso, anaishusha, basi. Kazi ngumu ni kuyatoa. Mitaa mingi haina mfereji wa pamoja wa maji machafu, kila parseli inajitafutia njia. Maji hayapandi hadi barabarani bila pompi, na umeme ukikatika pompi inabaki chuma tu. Basi yanashushwa: shimo linachimbwa hatua chache kutoka msingi, ama tiyo inaelekezwa kwa jirani wa chini. Mvua kubwa ikinyesha usiku, wengine wanafungua fosi ili yote yaende na mafuriko. Wakaaji wa kando ya mto Kawa hawahitaji kuelezwa.

Harufu ni tatizo dogo. Kubwa ni udongo wenyewe. Kule Funu, Kadutu, mteremko mzima unasogea polepole mwaka baada ya mwaka, pamoja na nyumba zilizo juu yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, kwa kulinganisha picha za zamani za ndege na za setilaiti, ulionyesha kwamba mwendo huo uliongezeka kadiri mji ulivyokua, na maji yasiyoongozwa vizuri yalitajwa kati ya sababu. Shimo la choo linalovuja chini ya msingi linafanya kazi ileile, kidogo kidogo, ndani ya parseli moja.

Wenye nyumba wanasema kazi nzuri ni ghali. Ni kweli, lakini wanachukua kodi kila mwezi. Na yanayotakiwa yanajulikana kwa mafundi: tiyo ya choo ya milimita 110, inayoshuka kama sentimita 2 kwa kila mita, regar kwenye kila kona ili kuzibua, sifo chini ya kila bafu, tiyo ya hewa hadi juu ya bati. Choo cha juu na cha chini visiunganishwe ovyo, maana tiyo ikiziba mbele, uchafu wa familia ya juu unatokea kwa mpangaji wa chini. Ukuta unaozuia udongo uachiwe matundu. Bila hayo maji yanajikusanya nyuma yake na kuusukuma hadi uanguke.

Ofisi ya urbanisme inapotoa ruhusa ya kujenga isiangalie kuta na vipimo vya parseli peke yake. Iulize maji machafu yanaishia wapi, na jirani wa chini aulizwe pia, kwani ndiye anayeyapokea. Asiye na jibu asipewe ruhusa ya kupangisha chumba hicho. Kwa vyumba vilivyokwisha kujengwa, wakuu wa avenue wanaweza kupita na fundi kati ya Juni na Agosti, udongo ukiwa mkavu. Ukuta wenye unyevu mwezi wa Julai haukuloweshwa na mvua.