Lutuku haina kosa, haraka ndiyo yenye kosa

Kwenye karamu za kwetu Manono, mtu aliyesoma anaweka wiski mezani ionekane. Lutuku inakaa nyuma ya nyumba, na usiku ukiingia yeye mwenyewe anaifuata kule. Asubuhi anasema: «Ile njo pombe ya bashenzi.» Tuseme ukweli: huo ni unafiki. Tena ni wa kurithi. Wakati baba zetu wanachimba bati ya Géomines, mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa 1919 ulikuwa umekataza kukeneka pombe kali sehemu zetu hizi za Afrika.

Wengine wanajibu: lutuku ni mila, isiguswe. Nao wanakosa. Mila ni kazi yenye kanuni. Muhogo na mahindi yaliyooteshwa vinachacha, pipa linawekwa motoni, mvuke unapita mu tiyo iliyozamishwa katika maji baridi. Moto ukiwa wa polepole, matone ya kwanza yanayochoma pua yakimwagwa, na yale dhaifu ya mwisho yakitengwa, ya katikati yana tabia yake: moshi kidogo, uchachu wa muhogo, kisha utamu wa mahindi unaobaki ulimini. Lakini siku hizi moto unachochewa, yote yanachanganywa, na chupa inauzwa ingali na joto. Mnywaji hasikii ladha, anasikia kuungua tu. Nguvu yake haipimwi, na humo ndimo watu wanapotea.

Tuangalie wenzetu. Waitalia wanachuma matunda mabichi ya mti ambao Wafaransa wanauita noyer, wanayalowesha katika pombe kali. Inatoka nyeusi, chungu. Wanaiacha miezi, hata miaka, mpaka uchungu unageuka ladha, na wanaiita nocino kwa majivuno. Karibu zaidi, Uganda mwaka 1965 ilitunga sheria ya enguli: mpikaji awe na leseni, pombe yake isafishwe kiwandani. Humo mukatoka Waragi, yenye jina mpaka ng'ambo.

Sisi tunangoja nini? Bamama wa lutuku wanalipia watoto masomo kwa kazi hiyo. Hawastahili matusi, wala sifa za bure. Wazee wanaojua moto wa polepole wafundishe vijana. Nguvu ipimwe. Chupa ilazwe kabla ya kuuzwa.

Na wewe msomaji, iweke mezani ama iache kabisa. Usiinywe gizani na kuitukana mchana.