Uchaguzi na Utunzaji wa Vyombo vya Uvuvi katika Maziwa ya Singida

Msafiri apitaye mjini Singida huyaona maziwa mawili, Singidani na Kindai, yakiwa karibu kabisa na makazi ya watu. Kaskazini magharibi, wilayani Iramba, liko Ziwa Kitangiri, ambalo hupokea maji ya Mto Wembere na kuyatoa kwa Mto Sibiti kuelekea Ziwa Eyasi. Ukubwa wa maziwa hayo haulingani hata kidogo na ule wa Victoria au Tanganyika. Hata hivyo hulisha watu wengi wa mkoa ambao sifa yake kubwa ni alizeti, mifugo na ukame.

Pamoja na hayo, fedha zinapopatikana kwa ajili ya uvuvi katika maziwa kama haya, mawazo hukimbilia upesi kwenye mambo mawili: mashine ya kusukuma mtumbwi, na nyavu nyingi zaidi. Mfano unaofuatwa ni wa Ziwa Victoria. Hilo ni kosa. Chombo cha uvuvi ni kifaa cha kufanyia kazi mahali maalumu, na mahali hapo pasipopimwa kwanza, kifaa hakiwezi kuchaguliwa kwa akili.

Sifa ya kwanza ya maziwa ya Singida ni kina kidogo. Mwaka wa mvua nzuri maji hupanda na kufunika majani ya ukingoni. Mwaka wa ukame hurudi nyuma na kuacha tope pana. Swali la kwanza la mnunuzi wa mtumbwi basi ni hili: utazama kiasi gani ukiwa na shehena? Jibu hupatikana kwa kanuni ya Archimedes, ambayo kila mwanafunzi wa fizikia ameisoma lakini ni wachache walioitumia nje ya darasa. Tuseme mtumbwi, wavuvi, nyavu na samaki vina jumla ya kilo 600. Hapana budi visukume kando maji ya uzito huo huo, yaani takriban mita 0.6 za ujazo. Mtumbwi wa mbao wenye tako bapa la urefu wa mita 5 na upana wa mita 1.2 una eneo la mita 6 za mraba. Utazama sentimita 10 tu. Mtumbwi wa gogo wa urefu huo huo, lakini wenye upana wa nusu mita, utazama sentimita 24, na zaidi ikiwa tako lake ni la mviringo. Chumvi iliyomo majini huongeza densiti na kuuinua mtumbwi kidogo, lakini tofauti hiyo haizidi milimita chache. Wa kwanza utapita juu ya tope kwa upondo. Wa pili utakwama, na wavuvi watashuka kuusukuma.

Si Singida peke yake iliyowahi kufikia jibu la tako bapa. Huko Marekani, mwaka 1948, Holmes Thurmond wa Shreveport, Louisiana, alitengeneza mashua ya kuvulia samaki aitwaye besi, ambaye ndiye yule aliyepandikizwa katika Ziwa Naivasha nchini Kenya mwaka 1929. Tako la mashua hiyo lilikuwa bapa. Baadaye mashua za aina hiyo zilivikwa mashine kubwa na mapambo mengi, hata leo nyingi ni vyombo vya michezo na anasa. Wazo la mwanzo lilikuwa jepesi na la busara, nalo ndilo lifaalo kuigwa.

Lakini tako bapa lina udhaifu wake. Singida ni mkoa wa upepo. Ndiyo sababu umetajwa mara nyingi katika mipango ya kuzalisha umeme wa upepo. Katika maji ya kina kifupi upepo huinua mawimbi mafupi, yaliyosimama na kufuatana upesi, kwa kuwa wimbi huanza kugusa chini pale kina kinapopungua nusu ya urefu wake. Mtumbwi bapa hupigwa na mawimbi hayo kwa kishindo na kuingiza maji. Kwa hiyo kimo cha ubavu ulio juu ya maji kisipunguzwe kwa tamaa ya kubana gharama ya mbao, wala shehena isiongezwe mpaka ukingo ukaribiane na maji. Ziwa la kina kifupi huua watu pia. Mtu aliyeangukia tope laini, amevaa nguo nzito na kuzongwa na wavu, hafaidiki kwa kuambiwa kwamba maji yalikuwa ya kimo cha kifua.

Sifa ya pili ni chumvi na magadi. Maziwa ya Singidani na Kindai hayana njia ya kutolea maji. Yanayoingia huondoka kwa kugeuka mvuke na kuacha chumvi nyuma. Kitangiri lina nafuu kwa sababu Mto Sibiti huondoa sehemu yake. Hapa ndipo mashua ya alumini, ambayo hupendwa kwingi kwa wepesi wake, inapostahili kutazamwa kwa mashaka. Alumini hujikinga kwa gamba jembamba la oksidi, nalo ni imara pale pH iko baina ya 4 na 9 hivi. Magadi yakizidi, gamba huyeyuka na madini huanza kuliwa. Misumari nayo ina tabia yake. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, hivyo msumari wa shaba ukiwekwa karibu na bolti ya chuma huwa ni betri, na chuma ndicho kitakachokwisha. Fundi na atumie madini ya aina moja katika chombo kizima.

Yote hayo huirudisha mbao mahali pake pa heshima. Mninga, unaopatikana katika miombo ya Manyoni na Itigi, hauvimbi wala haunywei sana unapolowa na kukauka, na hiyo ni sifa kubwa kwa mtumbwi unaokaa nusu ya siku majini na nusu juani. Adui wa mbao ni kuvu, nao huhitaji unyevu na hewa kwa pamoja. Ndiyo maana mtumbwi huoza zaidi penye mstari wa maji, na ndani ya ngama ambamo maji machafu huachwa siku nyingi. Kufua maji kila jioni ni dawa isiyogharimu chochote. Wakati wa kiangazi mtumbwi uliopandishwa nchi kavu ufunikwe kwa nyasi, la sivyo jua la Singida litafungua mianya yote baina ya mbao, na kazi ya kutia kalafati itaanza upya.

Mabaharia wa pwani walizoea kupaka vyombo vyao sifa, yaani mafuta ya papa, na kuziba mianya kwa pamba iliyolowekwa mafuta. Iramba hulima pamba, na Singida nzima hukamua alizeti. Je, mafuta ya alizeti yaweza kuchukua nafasi ya sifa? Wanakemia huyaweka katika kundi la mafuta yakaukayo nusu: hugandamana polepole yakiguswa na hewa, lakini hayawi gamba gumu kama yale ya kitani. Swali hilo halihitaji maabara ya kifahari. Vipande vya mninga vilivyopakwa mafuta mbalimbali, vikazamishwa ziwani kwa muhula mmoja na kupimwa uzito kabla na baada, vingetoa jibu lenye thamani kuliko majaribio mengi yanayonakiliwa kutoka vitabuni.

Ama kwa upande wa nyavu, jambo ni zito zaidi, kwa sababu mtumbwi mbovu humdhuru mwenyewe lakini wavu mbaya huwadhuru wote. Historia ya Ziwa Victoria ni fundisho. Nyavu za makila za nyuzi za kitani ziliingia huko mwaka 1905. Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu Michael Graham alifanya uchunguzi na kushauri kwamba macho yasipungue inchi 5, ili ngege apate kuzaa kabla ya kuvuliwa. Sheria ikawekwa katika miaka ya 1930. Ilipolegezwa katika miaka ya 1950, nyavu za macho madogo zikaenea, na wakati huo huo nailoni yenye nguvu ikaja. Ngege alikuwa amekwisha kudhoofika sana hata kabla sangara hajatawala ziwa hilo.

Perege wa Kitangiri, ambaye wataalamu humwita Oreochromis amphimelas, ni ndugu wa ngege. Dume huchimba kiota katika maji mafupi; jike huatamia mayai kinywani. Kokoro linapokokotwa ukingoni hubomoa viota, na jike akinaswa hutema watoto wake. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zimepiga marufuku kokoro pamoja na nyavu za uzi mmoja wa plastiki, yaani timba, na biolojia inaziunga mkono.

Wako wavuvi wasemao kwamba ziwa litakauka hata hivyo, basi heri samaki wavuliwe wote kabla jua halijawaua. Hoja hii si ya kipuuzi, na haitoshi kuijibu kwa kutaja faini. Jibu liko Malawi. Ziwa Chilwa, ambalo nalo ni la kina kifupi na halina mto utokao, lilikauka mwaka 1968 na tena mwaka 1995. Maji yaliporudi samaki nao walirudi, wakitokea kwa wale wachache waliokuwa wamejificha katika mito na vinamasi. Kama hao wachache wangevuliwa, kurudi kungechelewa mno. Kwa Kitangiri, maficho ya namna hiyo ni midomo ya Wembere na mabwawa yanayobaki kandokando ya Sibiti. Hapo ndipo pa kuacha nyavu nyumbani wakati wa ukame, ijapokuwa ndipo penye samaki rahisi.

Wavu wa nailoni hauozi kama wa pamba, na kwa hiyo wengi hudhani hauhitaji utunzaji. Mionzi ya urujuanimno ya jua huvunja minyororo ya molekuli zake, na uzi hukatika kabla ya wakati. Chumvi ikikaukia ndani ya uzi huusaga kutoka ndani. Wavu uoshwe kwa maji baridi, uanikwe kivulini, uwekwe mbali na panya, na matundu yazibwe kwa sindano siku ile ile. Wavu uliokatika na kupotea ziwani huendelea kuvua miezi mingi bila mwenyewe.

Mashine iwe ya mwisho katika orodha. Rafadha husaga tope na viota, na maji yenye tope na chumvi huziba njia za kupoza injini. Kitangiri ni pana, na chombo kimoja chenye mashine kwa ajili ya uokoaji kingefaa. Kumvika kila mvuvi deni la mashine ni jambo jingine.

Shule za sekondari zilizo karibu na maziwa haya zaweza kuanza na uzi na rula. Uzi uzungushwe kwenye mwili wa samaki penye unene mkubwa, kisha mzingo huo ulinganishwe na mzingo wa jicho la wavu. Tumbo lifunguliwe kuona kama mayai yamekomaa. Samaki mia moja waliopimwa hivyo wataonyesha ni jicho gani linalowaacha wazazi kupita. Upondo wenye alama za sentimita, ukichomekwa mahali pale pale kila Septemba kabla ya mvua na kila Aprili baada yake, utatoa kumbukumbu ya kina ambayo fundi wa mitumbwi ataihitaji kabla ya kukata ubao wa kwanza.