Bonus, bon, muzuri

Mwanafunzi akiandika "nyumba muzuri" katika kazi yake, mwalimu hupitisha kalamu nyekundu. Kalamu hiyo naikubali: kazi imeombwa kwa Kiswahili sanifu, na sanifu ni "nyumba nzuri". Nisichokubali ni maneno yanayofuata, kwamba Kiswahili chetu cha mjini "kimeharibika". Shahidi wangu ni kivumishi cha Kilatini, bonus, yaani "-zuri" au "-ema".

Bonus halikuzaliwa hivyo. Kwenye chombo cha udongo kilichopatikana Roma mwaka 1880 limechongwa neno duenos, ambalo wataalamu wengi wanalisoma kuwa umbo la zamani la bonus. Sauti dw- ya mwanzo iligeuka b-, kama duellum, "vita", lilivyogeuka bellum. Hakuna anayesema Cicero aliharibu duenos.

Katika Kilatini cha vitabu, bonus linafuata nomino kwa jinsia tatu, kwa umoja na wingi, na kwa kazi ya nomino katika sentensi: bonus, bona, bonum, bonorum na mengineyo. Kwa maandishi maumbo ni 13. Kifaransa, mtoto wa Kilatini, kimebakiza manne: bon, bonne, bons, bonnes. Masikioni ni mawili tu. Kazi ya maumbo yaliyopotea imechukuliwa na mpangilio wa maneno na vihusishi. Nasi Kifaransa hicho tunakiita lugha ya chuo.

Sasa tutazame -zuri. Sanifu ina mzuri, wazuri, mizuri, zuri, mazuri, kizuri, vizuri, nzuri, pazuri na kuzuri. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, kilichokua kati ya wafanyakazi wa migodi wenye lugha nyingi za nyumbani, muzuri mara nyingi linashika nafasi ya nzuri: nyumba muzuri, siku muzuri. Msemaji hakusahau kitu. Jirani anamwelewa, na mtoto anajifunza hivyo hivyo. Hiyo ni kanuni, na kanuni huchunguzwa.

Sanifu tuisome na tuiandike vizuri. Lakini sisi wa lugha za Kiafrika tunaoweza kukariri bonorum bila kukosea, tuipe muzuri nafasi kwenye ubao ule ule. Tukiiacha, wasemaji wake wataendelea kuonea haya sarufi ambayo hatujajitaabisha kuiandika.