Neil Young: Mchele, pumba na ugomvi wa mashabiki usiokwisha

MASHABIKI wa mwanamuziki mkongwe wa roki, Neil Young, wakikutana hawakawii kushikana mashati. Hawabishani iwapo mzaliwa huyo wa Toronto, Kanada, ni gwiji. Hilo walikwisha kulikubali zamani. Kinachowatenganisha ni swali jepesi kuuliza lakini zito kujibu: katika albamu zaidi ya 40 alizotoa tangu mwaka wa 1968, upi ni mchele na zipi ni pumba?

Kwa asiyeufahamu muziki huo, mjadala huu waweza kuonekana kuwa porojo za wazee wenye wasaa. Hata hivyo, umewahi kufikishwa mahakamani, maelfu ya watu wamewahi kuutilia saini, na leo hii nyuma yake kuna mamilioni ya dola.

Kuhusu mchele, wengi husikizana. Wapenzi wa sauti laini na gitaa lisilotumia umeme hutaja After the Gold Rush ya mwaka wa 1970 na Harvest ya 1972. Hiyo ya pili ndiyo albamu iliyouzwa kuliko nyingine zote nchini Marekani mwaka huo, na wimbo wake, Heart of Gold, ukashika nafasi ya kwanza katika orodha ya nyimbo zilizovuma. Ikumbukwe kuwa sifa hizo hazikuanza siku ile ile. Mhakiki wa jarida la Rolling Stone aliikosoa vikali Harvest ilipotoka, kabla ya miaka kupita na jarida lilo hilo kuiorodhesha miongoni mwa albamu bora za nyakati zote.

Lakini hata Harvest ina wapinzani, na mmoja wao ni mwenyewe aliyeitunga. Katika maelezo aliyoyaandika kwenye mkusanyiko wake wa Decade, mwaka wa 1977, Young alisema kwamba Heart of Gold ilimweka katikati ya barabara kuu, akachoshwa na safari hiyo, akaamua kugeuza usukani kuelekea mtaroni. Kauli hiyo iliwapa mashabiki jina ambalo limedumu hadi leo. Albamu tatu alizotoa kati ya 1973 na 1975, yaani Time Fades Away, On the Beach na Tonight's the Night, huitwa utatu wa mtaroni.

Hapo ndipo vita huanza.

Chanzo cha albamu hizo ni msiba. Mnamo Novemba 1972, Young alikuwa akifanya mazoezi ya ziara kubwa pamoja na mpiga gitaa Danny Whitten, rafiki yake wa bendi ya Crazy Horse ambaye alikuwa ameghilibiwa na dawa za kulevya. Whitten hakuweza kuhimili mazoezi. Young akamwachisha, akampa dola 50 na tiketi ya ndege ya kurejea Los Angeles. Usiku huo huo Whitten akafariki dunia. Miezi michache baadaye, Bruce Berry, mfanyakazi aliyebeba na kutunza ala zao, naye akauawa na dawa hizo hizo.

Ziara iliendelea. Maelfu ya watu walinunua tiketi wakitarajia kusikia Harvest, badala yake wakapigiwa nyimbo wasizozijua, kwa kelele, na mtu aliyekuwa akiomboleza huku sauti ikimkauka. Rekodi za majukwaa hayo ndizo zilizounda Time Fades Away. Young amewahi kuitaja kuwa albamu mbovu kuliko zote alizowahi kutoa, na aliinyima nafasi katika diski za CD hadi mwaka wa 2017. Wakereketwa wake wengi, kwa upande mwingine, huiweka karibu na kilele.

Ni nani mwenye haki hapo? Msanii anaikumbuka ziara yenyewe: ugomvi wa malipo miongoni mwa wapiga ala, koo lililouma, na rafiki aliyezikwa. Msikilizaji hana kumbukumbu hizo. Yeye ana dakika zipatazo 35 za muziki, na kwa hizo pekee ndizo anazohukumu. Kwa kipimo hicho, mashabiki wana hoja nzito kuliko ya mtunzi. Rekodi ile ina makosa tele, lakini hakuna kosa hata moja lililofichwa, na si ajabu kwamba waliochoshwa na roki iliyonyooshwa mno waliikumbatia baadaye.

Tonight's the Night ilipata mkasa wa aina nyingine. Sehemu yake kubwa ilirekodiwa mwaka wa 1973, wanamuziki wakiwa wamelewa na baadhi ya sauti zikitoka nje ya mstari, ikawekwa kabatini kwa karibu miaka miwili. Nayo On the Beach ya 1974 iliadimika kiasi cha kugeuka hadithi. Kwa miaka mingi haikupatikana kwa CD. Kuanzia mwaka wa 2000, mashabiki zaidi ya 5,000 walitia saini ombi la kutaka irejeshwe sokoni. Ilirejeshwa mwaka wa 2003. Leo ni wachache wanaothubutu kuiacha nje wanapoorodhesha albamu zake tano bora.

Tukigeukia pumba, karibu vidole vyote huelekezwa kwenye miaka ya themanini.

Mwaka wa 1982 Young alijiunga na kampuni changa ya David Geffen. Zawadi yake ya kwanza kwa mwajiri mpya ilikuwa Trans, albamu ambayo katika nyimbo zake nyingi sauti yake ilipitishwa ndani ya vokoda, mtambo unaoyageuza maneno ya binadamu kuwa kama ya roboti. Wanunuzi waliduwaa. Alipopendekeza kufuatisha albamu ya muziki wa kantri, kampuni ilikataa ikamwambia inataka roki. Naye akawapa roki: Everybody's Rockin' ya mwaka wa 1983, yenye urefu wa takriban dakika 25, kwa mtindo wa miaka ya hamsini, yeye na wenzake wakivalia suti za enzi hizo. Mwajiri hakucheka.

Kampuni ilimshtaki mwaka huo ikidai dola 3.3 milioni. Shtaka lenyewe lilikuwa kioja katika historia ya sanaa. Young hakulaumiwa kwa kuchelewesha kazi wala kwa kukiuka idadi ya albamu walizokubaliana. Kosa lake lilikuwa kutoa muziki usiouzika na usiofanana na ule uliozoeleka kuwa wake. Kwa maneno mengine, Neil Young alishtakiwa kwa kukosa kuwa Neil Young. Naye akawasilisha kesi yake ya kudai dola 21 milioni. Hatimaye pande hizo zilipatana bila hukumu, na Geffen akamwomba radhi.

Inasikitisha kwamba kesi hiyo haikusikizwa hadi mwisho. Mawakili wangelazimika kumthibitishia hakimu jambo ambalo mashabiki wameshindwa kukubaliana kwa miongo kadhaa, yaani Young halisi ni yupi: yule wa gitaa la taratibu na harmonika, au yule wa Crazy Horse anayepiga wimbo mmoja wa kelele robo saa nzima? Mwanamuziki aliyeimba katika bendi ya Buffalo Springfield mwaka wa 1966, akajiunga na Crosby, Stills na Nash, kisha akamkimbia kila aliyemzoea, ana mazoea gani ambayo mahakama ingeyapima?

Miaka ilivyopita, siri ya Trans ilifichuka. Young alieleza kwamba mwanawe wa kiume alizaliwa na mtindio wa ubongo na hakuweza kusema. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya themanini, wazazi walikuwa wakimfanyisha mazoezi ya tiba kwa saa nyingi kila siku. Sauti ile ya mtambo, ambayo msikilizaji alihangaika kuielewa, ilikuwa taswira ya baba anayejaribu kuzungumza na mtoto, na mtoto anayejaribu kumjibu. Mwaka wa 1986, Young na mkewe Pegi walishiriki kuanzisha shule ya Bridge huko California kwa watoto wenye ulemavu wa kuzungumza, na kwa miaka 30 wakawa wakiandaa tamasha za kuichangia.

Tangu habari hizo zijulikane, kambi ya wanaoitetea Trans imefurika. Wapo wanaoungama kwamba waliitupa santuri hiyo na sasa wanaitafuta kwa machozi. Ungamo hilo lina utu ndani yake. Hata hivyo, lina kasoro. Huzuni ya mzazi inaeleza kwa nini wimbo ulitungwa. Haielezi kama umetungwa vyema. Anayesema Trans ni nzuri kwa sababu ya mtoto yule amelibadilisha swali, na huenda amemdhulumu hata Young mwenyewe, ambaye aliitoa albamu ile bila kumweleza mtu kisa chake.

Ushahidi ulio bora zaidi upo. Mwaka wa 1993, katika kipindi cha Unplugged cha kituo cha MTV, Young aliimba Transformer Man, mojawapo ya nyimbo za Trans, pasipo vokoda. Ulisikika kuwa wimbo mwororo wa kubembeleza. Kwa watetezi, hiyo ni ithibati kwamba dhahabu ilikuwamo tangu hapo. Kwa wapinzani, ni ithibati kwamba mtambo ndio ulioiharibu. Kambi zote mbili hushika ushahidi ule ule na kuondoka zikiwa na furaha.

Everybody's Rockin' haina kinga ya namna hiyo, wala Landing on Water ya mwaka wa 1986, yenye ngoma za kugongagonga na vinanda vya umeme vilivyozeeka kabla ya mwaka kwisha. Hizi, kusema kweli, ni pumba, na shabiki anayezitetea mara nyingi anatetea haki ya kukosea kuliko muziki wenyewe. Si haki ndogo. Young alirejea katika kampuni yake ya zamani ya Reprise mwaka wa 1988 na wimbo wa kuwakejeli wanamuziki wanaotangaza bidhaa. MTV iliipiga marufuku video yake, kisha mwaka wa 1989 ikaitunuku tuzo ya video bora ya mwaka. Mwaka huo huo akatoa Freedom, na mwaka uliofuata Ragged Glory. Ni vigumu kuamini kwamba mtu aliyetii agizo la kujirudia katika mwaka wa 1983 angekuwa na pumzi ya kufanya hayo.

Tangu hapo ameendelea kuwapa mashabiki kuni za kuchochea ubishi. Mwaka wa 2014 alikusanya zaidi ya dola 6 milioni kutoka kwa umma ili kutengeneza Pono, kifaa cha kusikilizia muziki kwa ubora wa juu kabisa. Mwaka huo huo akatoa A Letter Home, iliyorekodiwa ndani ya kibanda cha mwaka wa 1947, ikikwaruza kama santuri iliyoachwa mvuani.

Swali la Geffen, hata hivyo, halikufa. Limebadilisha mavazi tu. Mnamo Januari 2021, Young aliuza nusu ya haki za nyimbo zake zipatazo 1,180 kwa Hipgnosis, mfuko wa uwekezaji ambao nao ulinunuliwa na kampuni ya Blackstone mwaka wa 2024. Mwekezaji hununua wimbo kwa kuwa unasikilizwa. Nayo mitandao ya muziki humsukumia msikilizaji mpya Heart of Gold, Old Man na Harvest Moon, kwa sababu waliotangulia walizisikiliza hizo. Hakuna anayeshtakiwa, ila kijana anayemgundua Young leo anaweza kuzunguka humo mwaka mzima asijue kwamba mtaro uliwahi kuwapo.

Young mwenyewe aliziondoa nyimbo zake katika mtandao wa Spotify mnamo Januari 2022, akipinga upotoshaji kuhusu chanjo ya corona katika kipindi cha Joe Rogan. Alizirejesha Machi 2024, baada ya kipindi hicho kuanza kupatikana pia kwa Apple na Amazon. Mashabiki waligawanyika kuhusu hilo pia, jinsi ilivyotarajiwa.

Lakini lililowagawanya zaidi ni Homegrown. Albamu hiyo ya majonzi ya kuachana na mwenziwe ilikuwa tayari mwaka wa 1975. Young aliwapigia marafiki zake, kisha ikafuata Tonight's the Night kwa kuwa zilikuwa pamoja. Rick Danko wa bendi ya The Band akamshauri atoe hiyo ya pili. Homegrown ikafungiwa miaka 45, hadi Juni 2020, na ilipotoka Young aliwaomba radhi mashabiki kwa kuwanyima. Wapo waliopokea radhi hiyo kwa moyo mkunjufu, wakisema ndiyo iliyostahili kuifuata Harvest. Wengine wanashikilia kwamba hakuwa na la kuombea radhi, kwa kuwa kama angewapa Homegrown siku ile, Tonight's the Night ingebaki kabatini.